Mnyororo wa Gado na Sakafu ya Daumier

Wasomaji wa magazeti ya Kenya walizoea kuwaona Uhuru Kenyatta na William Ruto katika vibonzo vya Gado wakikokota tufe la chuma lililofungwa kwa mnyororo, alama ya kesi zao za The Hague kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mbinu hiyo ya kumbandika mkubwa alama moja ni ya zamani. Katika miaka ya 1830 mjini Paris, Charles Philipon alikigeuza kichwa cha Mfalme Louis-Philippe kuwa pea, na watu wakaichora pea hiyo kwenye kuta za mitaa.

Lakini mnyororo ule haukugusa vifo vya Kisumu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilieleza mwaka 2008 kwamba wengi waliouawa hapa kwetu baada ya uchaguzi wa 2007 walipigwa risasi na polisi. Machi 2011, majaji wa The Hague hawakukubali kuwabebesha washukiwa mauaji hayo. Kwa mkazi wa mitaa yetu ya Manyatta au Kondele, kichwa cha mkubwa peke yake hakitoshi.

Ndiyo maana namwendea Honoré Daumier, mchora vibonzo wa Paris ya wakati huo huo. Alikuwa ameshafungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme kama jitu linalomeza mali ya maskini. Aprili 1834, wanajeshi waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Rue Transnonain, Paris, wakidai risasi imetoka humo, wakawaua wakazi. Safari hii Daumier hakumchora mfalme wala askari. Alichora chumba: mwanamume mwenye nguo za kulalia, kaanguka kando ya kitanda, na chini yake mtoto mchanga aliyekufa. Hakutia chumvi popote. Aliyeisikia habari ya mtoto wa miezi sita wa Nyalenda, hapa Kisumu, aliyekufa baada ya polisi kuvamia kwao usiku wa Agosti 2017, hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Daumier alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likilowanishwa, maji huikwepa mistari yenye mafuta, na wino hushika pale pale penye mistari. Hakuna kuchonga, kwa hiyo nakala nyingi hutoka upesi, habari ikiwa bado moto. Polisi walizikamata nakala za picha ile ya chumba, wakalichukua na jiwe lenyewe. Septemba 1835 ikatungwa sheria: gazeti liliweza kuchapa maneno bila kuomba ruhusa kwanza, ila kila mchoro ulihitaji kibali cha serikali.