MAHALI PANAPODANGANYA MACHO

Wazee wetu walisema, "Macho hayana pazia." Maana yake, jicho huona kila kilicho mbele yake wala halichagui. Lakini je, kila linachokiona ni kweli? Huko Ufaransa pana mahali ambapo watu hulipa fedha zao ili macho yao yadanganywe mchana kutwa, nao hurudi kwao wakicheka. Jina lake ni Futuroscope. Napenda kuwaeleza wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha maliza masomo hapa, jinsi hila hiyo inavyofanyika, na kwa nini mahali hapo palijengwa.

Futuroscope ni bustani kubwa ya maonyesho, kilomita 10 hivi kaskazini ya mji wa Poitiers, katika jimbo la Vienne. Ilifunguliwa mwaka 1987. Nyumba zake zilichorwa na Denis Laming, nazo si kama nyumba nyingine. Moja, iitwayo Kinemax, yafanana na mawe ya kung'aa yaliyochomoza ardhini.

Natuchukue mfano wa baba, mama na watoto wawili wanaokwenda kushinda huko. Kwanza waingia katika nyumba yenye pazia la sinema kubwa ajabu. Yafaa tukumbuke kwamba picha ya sinema haiendi. Ni picha nyingi zilizosimama, 24 kwa kila sekunde, zapita upesi hata ubongo ukaziunga zikawa mwendo mmoja. Tena, picha ndogo ikikuzwa mno hufifia, kama uji uliozidishwa maji. Kwa hiyo mafundi wa Kanada walibuni filamu iitwayo IMAX, ikaonyeshwa mara ya kwanza mjini Osaka, Japani, mwaka 1970. Upana wake ni milimita 70, nayo hupita mashineni kwa ubavu, hivyo kila picha ni kubwa mara 10 hivi kuliko ile ya sinema ya kawaida. Hata pazia likiwa kama ukuta wa nyumba ya ghorofa, picha haififii. Mtu haoni ukingo wake, akasahau kwamba ameketi kitini. Siku hizi mahali pengi filamu imeondoka na mitambo ya kompyuta imeshika nafasi yake, lakini shabaha ni ile ile.

Halafu wapewa miwani, na samaki aonekana kuogelea mbele ya pua zao. Siri yake waweza kuijua sasa hivi. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha fumba la pili. Kidole charuka! Kila jicho huona picha yake, na ubongo huzichanganya ukajua kilicho karibu na kilicho mbali. Jambo hili lilielezwa na Charles Wheatstone wa Uingereza mwaka 1838. Basi sinema hiyo huonyesha picha mbili pamoja, na miwani hupitisha moja tu kwa kila jicho.

Mwisho waketi katika viti vinavyotikisika. Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, navyo humwambia mtu kama kichwa chake chageuka. Jicho likisema "twaenda" na sikio likisema "tumekaa", mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu. Kiti kikiinama pamoja na picha, mashahidi hao wawili hupatana na mtu husadiki kwamba aruka angani. Hata hivyo huenda mama akatoka ameshika tumbo, kwa maana si kila mwili unadanganyika sawasawa. Na mtoto mdogo huenda akalia mlangoni, kwani asiyefikia urefu uliowekwa haruhusiwi.

Lakini tusidhani ya kuwa mahali hapo palijengwa kwa mchezo tu. Aliyepaanzisha ni René Monory, mwenye gereji wa mji mdogo wa Loudun, aliyekuwa mkuu wa baraza la Vienne tangu mwaka 1977. Vienne ni nchi ya wakulima, naye alitaka kuiletea kazi na elimu. Hakungoja mji mkuu umletee; alijenga mashambani. Mwaka ule ule wa 1987 shule ya sekondari ilifunguliwa hapo kando ya bustani, na baadaye vyuo vikafuata.

Wahenga walisema tena, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wageni walipungua sana, maana yaliyokuwa maajabu yalikuwa yamezoeleka. Ikawa lazima kubuni mapya, na hata leo kazi hiyo haijaisha.

Wenzangu, wengi wetu tukimaliza masomo twatazama mjini tu, kana kwamba kijijini hapawezi kuzaliwa jambo. Huenda hilo nalo ni picha tu iliyo mbele ya macho yetu. Tufumbe jicho moja, kisha la pili, tuone kama halitaruka.