Mbona Dawa ya Malaria Hubadilishwa Kila Mara?



Leo tunajibu swali tunaloulizwa mara nyingi: mbona serikali hubadilisha maneno kuhusu malaria? Kwanza tuliambiwa klorokwini, kisha Fansidar. Sasa mtoto mgonjwa hapewi Fansidar, lakini mama mjamzito anapewa. Neti ilikuwa ya kununua, ikawa ya bure. Wako akina mama wanaosema hawa wakubwa hawajui wanalofanya. Hebu tuangalie mambo yalivyokwenda.

Klorokwini ilikuwa dawa nzuri wakati wake, lakini vijidudu vya malaria viliizoea. Mtoto alimeza, homa ikatulia, halafu ikarudi baada ya siku chache huku damu ikizidi kupungua mwilini. Mwaka 1998 Wizara ya Afya ikaiacha na kuweka Fansidar. Haikupita miaka mingi, vijidudu vikaizoea nayo. Mwaka 2004 ikatangazwa dawa mpya, AL, na mwaka 2006 ikaanza kufika vituoni. Ndani ya kidonge kimoja cha AL mna dawa mbili, ili kijidudu kikiponyoka moja, ya pili ikikamate. Kama wizara ingeng'ang'ania klorokwini, tungeendelea kuzika watoto huku dawa zimejaa kwenye rafu.

Lakini dawa hii nayo inaweza kuzoewa, na hapo ndipo wewe mama unapoingia. AL ni dozi 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe mtoto akiwa amekula au kunywa maziwa, maana dawa hii hushika vizuri pamoja na mafuta kidogo. Akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, na umwambie mhudumu ili akuongeze vidonge. Siku ya pili mtoto ataanza kucheza, nawe utashawishika kumwekea ndugu yake vidonge vilivyobaki. Usifanye hivyo. Vijidudu vilivyobaki hai ndivyo vinavyojifunza kuishinda dawa.

Na Fansidar ya wajawazito? Kumtibu mgonjwa haitoshi tena, lakini kumkinga mama na mtoto aliye tumboni bado inasaidia, hasa mtoto asizaliwe na uzito mdogo. Katika maeneo yetu ya ziwa hutolewa kliniki kuanzia miezi minne hivi ya mimba, kila unapohudhuria, ukiacha angalau mwezi mmoja kati ya dozi. Ila kama unatumia Septrin kila siku kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, usimeze Fansidar. Mwambie muuguzi, hata kama ni faraghani.

Sasa neti. Kati ya 1996 na 1999 watafiti walifanya kazi Asembo na Gem, huko Siaya, ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay. Vijiji vilivyopewa neti zenye dawa vilizika watoto wachache zaidi. Likaonekana pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita 300 za wenye neti, zilipata nafuu, kwa kuwa mbu wengi walikufa. Kwa hiyo neti yako inamlinda pia mtoto wa jirani. Hata hivyo zilikuwa za kuuzwa. Mwaka 2004 bei kwa wajawazito na watoto ilishushwa kliniki hadi shilingi 50, na bado wapo walioshindwa. Mwaka 2006 zikagawanywa bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, neti zaidi ya milioni 3 nchini. Kwa maoni yetu, huo ndio uamuzi bora zaidi uliowahi kufanywa katika kazi hii. (Wenzetu wa ufuoni mnajitetea kwamba omena hukauka haraka juu ya neti. Ni kweli hukauka. Lakini neti nzima ni ya kitanda.)

Matokeo yalihesabiwa. Kati ya kila watoto 100 waliopimwa kanda ya ziwa mwaka 2010, 38 walikuwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 2015 walikuwa 27, na mwaka 2020 walikuwa 19. Bado ni wengi kuliko mahali pengine popote Kenya.

Agizo la kupima kwanza nalo limekuwapo tangu 2010. Zamani kila homa ya mtoto ilitibiwa kama malaria, na mwenye nimonia alipewa dawa isiyo yake. Nyamrerwa wa kijiji chako akitoboa kidole na kipimo kikionyesha hakuna malaria, usimlazimishe akupe AL. Muulize homa inatoka wapi. Lakini mtoto akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua mbiombio, akipauka viganja au akizimia, usimngoje mtu. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku.

Chanjo ya malaria ilizinduliwa kaunti ya Homa Bay, hapo Ndhiwa, tarehe 13 Septemba 2019. Sehemu nyingine zilisubiri ili watoto walinganishwe, na akina mama wakanung'unika kwamba jirani amepata wao wamenyimwa. Mwaka 2023 ikapanuliwa. Dozi ni nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6. Ile ya mwisho huja mtoto akiwa ameshaanza kutembea, na ndiyo wengi wanayoisahau.

Kupulizia nyumba dawa kulianza tena Migori mwaka 2017 na Homa Bay 2018, kwa fedha za Marekani. Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, tukaona jinsi kazi yetu inavyoegemea mfuko wa mwingine. Kwa hiyo usimngoje mpuliziaji. Leo jioni kagua neti, shona palipotoboka, kisha fungua kijitabu cha kliniki uone tarehe ya dozi ya nne.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya nimonia. Kwaheri kwa sasa.