Mpiga Nyatiti wa Nyahera na Muziki wa Sinema

Watu waendao kutazama sinema huzikumbuka nyuso za waigizaji, bali ni wachache waulizao muziki wake umetungwa na nani. Hata hivyo kazi hiyo ni kubwa na ina heshima yake. Mwingereza John Barry, aliyezaliwa mjini York mwaka 1933, alipata tuzo tano za Oscar kwa kazi hiyo. Tatu katika hizo zilitokana na sinema zihusuzo nchi ya Kenya: mbili kwa Born Free ya mwaka 1966, yenye habari za simba Elsa, na moja kwa Out of Africa ya mwaka 1985.

Katika hiyo Out of Africa alikuwamo kijana wa Kijaluo, jina lake Job Seda, aliyeigiza kama Kanuthia. Ulimwengu ulimwona, lakini muziki ulikuwa wa Barry. Ilipita miaka mingi kabla ya sauti ya Seda mwenyewe, pamoja na ala ya wazee wake, kusikika katika sinema nyingine kubwa iliyopigwa Kenya.

Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki, na alipokuwa mtoto walimchukua Marekani. Mwaka 1979 alishiriki kuianzisha bendi ya African Heritage mjini Nairobi. Baadaye alijulikana kwa jina la Ayub Ogada. Na kila asomaye Biblia atatambua kwamba Job na Ayubu ni jina moja.

Ala aliyoipenda ni nyatiti, ambayo watu wa Siaya na Kisumu hawahitaji kuelezwa. Kwa ajili ya wengine, tuseme kwamba ina nyuzi nane, na tumbo lake limewambwa ngozi. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ili agonge ubao wake, na njuga mguuni. Hivyo mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu: mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma.

Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza. Hakupokewa kama mgeni mkubwa, bali alipiga nyatiti katika vituo vya reli ya chini ya ardhi mjini London, akipewa senti na wapita njia. Mwaka 1988 alialikwa katika tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa sahani yake iitwayo En Mana Kuoyo.

Ndani ya sahani hiyo umo wimbo Kothbiro, maana yake "mvua inakuja". Ni maneno ambayo mchungaji yeyote wa ziwani huyajua: mawingu yametanda, ng'ombe warudishwe nyumbani. Mwaka 2005 wimbo huo ulitiwa katika The Constant Gardener, sinema ya mwanadiplomasia wa Kiingereza nchini Kenya atafutaye sababu ya kuuawa kwa mkewe. Muziki mwingine wa sinema hiyo ulitungwa na Mhispania Alberto Iglesias. Watu wasiojua neno moja la Kijaluo waliusikiliza wimbo huo wakaguswa mioyo.

Hapa liko jambo la kuangaliwa sana. Wimbo ni mali kama shamba, na shamba lisilo na mipaka huliwa na majirani. Atakaye kuutia wimbo katika sinema hana budi kupata ruhusa mbili: ya mtunzi wa wimbo, na ya mwenye sauti iliyorekodiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, hata watoto wake wakafaidi.

Kothbiro yenyewe ni mfano. Ilikwisha kurekodiwa na bendi ya Black Savage mwaka 1976, miaka mingi kabla ya sahani ya Uingereza. Mwaka 2018 Mwamerika Kanye West alipotumia sehemu yake katika wimbo Yikes, jina la Ogada na la mwenzake wa zamani, James Mbarack Achieng, yaliandikwa miongoni mwa watunzi. Jina lililoandikwa halikupotea baada ya miaka 42.

Ogada alirudi kuishi Nyahera, karibu na Kisumu, na huko alifariki mwezi wa Februari 2019. Wapiga nyatiti wangali wako katika vijiji vyetu, nao huitwa katika matanga na arusi, wakalipwa kwa chakula na shukrani. Vijana wao waliosoma na wawasaidie kuandika nyimbo zao, na majina ya watunzi, na tarehe, kabla mtu wa mbali hajaja na chombo cha kunasia sauti. Mvua haimngojei aliyechelewa kuingiza ng'ombe zizini.