Nikeli ya Kabanga na Maisha ya Betri (3): Utando Juu ya Kathodi

Uzalishaji wa dhahabu Buzwagi, wilayani Kahama, ulikoma mwaka 2021. Eneo hilo likapangiwa kazi mpya ya kusafisha nikeli itakayochimbwa Kabanga, Ngara, na kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina asilimia 16 ya hisa zake. Juma lililopita tuliifuata nikeli hadi kwenye kathodi, upande chanya wa betri. Leo tuutazame udhaifu wake, maana mwenye madini hana budi kuzijua na kasoro zake.

Kathodi iitwayo 811 ina sehemu 8 za nikeli, 1 ya manganizi na 1 ya kobalti. Nikeli ikizidi, betri hubeba umeme mwingi zaidi, lakini huchoka upesi. Betri ikijaa chaji, nikeli iliyo usoni mwa chembe za kathodi hunyang'anya elektroni za elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha ayoni za lithiamu. Oksijeni huchomoka, na uso wa chembe hugeuka oksidi ambayo lithiamu huipenya kwa shida. Unyevu kidogo tu ukikutana na chumvi ya elektroliti huzaa asidi ya haidrofloriki, nayo huzila metali za kathodi.

Mwaka 2000 Jaephil Cho na wenzake wa Korea Kusini walionyesha kuwa kathodi ya kobalti iliyopakwa oksidi ya alumini hudumu zaidi. Leo utando huo unaweza kutandazwa tabaka la atomu baada ya tabaka, kwa mbinu aliyoianzisha Tuomo Suntola nchini Finland mwaka 1974. Unene wake ni nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kazi yake ni ya chandarua: lithiamu ipite, elektroliti ibaki nje. Alumini hiyo pia huinasa asidi kabla haijafika kwenye nikeli. Ukizidi unene, hata lithiamu hukwama.

Hapa ndipo ninapotaka wapangaji wa Kahama wapatazame. Malighafi ya utando ni kidogo sana. Kinachohitajika hasa ni maarifa. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, inafundisha sayansi ya vifaa na nishati. Vijana wake waanze kuipaka kathodi ya nikeli sasa, kiwanda kisingojewe.

Utando una mpaka wake. Chembe hutanuka na kusinyaa kila betri inapochajiwa na kutumika, mwishowe hupasuka, na elektroliti huingia kwenye nyufa ambazo hazikupakwa chochote. Juma lijalo tutaeleza chembe za fuwele moja, zilizobuniwa kuzuia nyufa hizo.