Kuku Achechemeaye Uani

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo lionekanalo kuwa dogo, nalo likidharauliwa laweza kuwa hasara ya kijiji kizima: kuku mmoja achechemeaye uani.

Sisi tukaao Makongolosi, katika wilaya ya Chunya, tumezungukwa na habari za dhahabu. Tangu ilipopatikana katika nchi ya Lupa mwaka 1922, watu wamekuja huku kutoka pande nyingi kuitafuta mchangani na mwambani. Lakini dhahabu humpata huyu na kumkosa yule, wala mama wa nyumbani hawezi kuitegemea kwa chumvi ya jioni au daftari la mtoto. Autegemeao ni uzazi wa kuku wake. Mtoto akiugua, kuku huuzwa. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Ada ikidaiwa, mayai hupelekwa sokoni. Kuku ndio akiba ya nyumba nyingi, na apotewaye na akiba hiyo hupotewa na mengi.

Nataka kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, nilimwona tembe wangu akichechemea. Nikasema moyoni, labda amekanyagwa na mbuzi. Siku ya pili alikuwa ameshusha mabawa, na mwenzake amejikunyata pembeni, hataki kula. Nikaogopa hasara. Nikakamata majogoo wawili walioonekana wazima, nikamwuzia jirani yangu, mama mjane, kwa bei ya chini, naye akanishukuru sana. Majuma mawili hayakupita, uani kwangu yakabaki manyoya matupu. Na kwa mama yule hakusalia hata kifaranga. Hakunilaumu, maana hakujua. Lakini mimi nilijua. Nilikwenda kumwambia, na baadaye nikampa mitetea miwili. Lakini kuku wa kulipa si sawa na kuku waliopotea, kwa kuwa alikuwa amekwisha hesabu mayai yao kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa shuleni.

Kwa sababu hiyo nimejifunza neno moja, nalo ndilo nitakalo kuwaambia: kuchechemea si ugonjwa, ni dalili. Yaweza kuwa dalili ya mwiba tu, nayo yaweza kuwa mlango wa tauni. Kazi ya mwenye kuku ni kutambua ni ipi, na mpaka atakapotambua, asimtoe kuku yeyote nje ya ua wake.

Kwanza mtenge kuku huyo peke yake, katika tenga au chumba kikavu, umpe maji safi na chakula. Kisha mshike kwa upole, umchunguze kutoka ukucha hata paja. Je, kuna uzi au kamba iliyojizungusha mguuni? Jambo hili ni la kawaida kwetu, maana kuku hufungwa miguu wapelekwapo sokoni, na kipande cha kamba kikisahauliwa hukata nyama mpaka mfupani. Je, kuna uvimbe, au joto mahali pamoja, au mfupa uliovunjika? Tazama na unyayo. Ukiona kigaga cheusi katikati, na nyama imevimba kukizunguka, hilo ni jipu la unyayo. Huletwa na vijidudu viingiavyo katika mchubuko, kuku arukapo kutoka mahali pa juu au akanyagapo kokoto kali na uchafu. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukaushe, ufunge kitambaa safi, na ubadilishe kila siku. Jipu likiwa kubwa, usilipasue mwenyewe; mwite Bwana Mifugo. Nawe unawe mikono kwa sabuni, kwa maana vijidudu vile vyaweza kumwingia hata mtu mwenye kidonda.

Ukiona magamba ya miguu yameinuka, yamekuwa mazito na meupeupe kama chokaa, hao ni utitiri wanaochimba chini ya magamba. Mguu huharibika polepole, mpaka kuku ashindwe kutembea. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha upake mafuta mazito ya kujipaka, ili wadudu wakose pumzi, na urudie siku nyingi. Wako watu wapakao mafuta ya taa. Hayo huunguza ngozi na kumtesa kuku bure. Safisha na vijiti vya kulalia, maana wadudu hupita kwa kuku mwingine kwa njia hiyo. Tazama pia nyufa za banda wakati wa usiku kwa taa. Kupe wa kuku hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu, na walio wengi huweza kumlegeza kuku hata asisimame. Ziba nyufa kwa udongo, wala usimpige kuku dawa ya shambani; umwulize Bwana Mifugo dawa iliyo salama.

Ikiwa mguu hauna jeraha, angalia chakula. Kuku alishwaye pumba za mahindi peke yake, bila majani mabichi wala dagaa, hukosa vitu vya kujengea mwili. Vifaranga wenye upungufu wa vitamini B2 hukunja vidole ndani kama ngumi, wakatembea juu ya magoti. Majani mabichi na maziwa husaidia kuizuia hali hiyo, ikishughulikiwa mapema. Wale wafungiwao gizani, wasipate jua, mifupa yao huwa laini, kwa maana jua huufanya mwili utengeneze vitamini D. Mtetea atagaye sana huchota chokaa ya mifupa yake kwa ajili ya maganda ya mayai; basi mrudishie kwa maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kusagwa, asije akala mayai mabichi.

Katika machimbo yetu iko hatari nyingine. Zebaki itumiwayo kukusanyia dhahabu ni sumu ya mishipa ya fahamu, nayo humdhuru mtu na mnyama. Kuku wasiruhusiwe kuparapara mahali mchanga wa zebaki ulipotupwa, wala dhahabu isichomwe karibu na nyumba. Wala si kwa ajili ya kuku tu, bali kwa watoto wetu kwanza.

Sasa nitasema habari ya magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni ugonjwa wa Marek, ambao wafugaji wengi huuita mahepe. Mganga wa wanyama wa Hungaria, József Marek, ndiye aliyeueleza mwaka 1907. Huwashika zaidi tembe wa miezi miwili hata mitano. Kuku hulegea mguu mmoja au yote miwili, na mara nyingi hulala akiwa ameunyosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukiona hivyo, tambua kwamba kirusi kimeingia katika mishipa ya fahamu. Hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, nayo hupewa kifaranga siku ya kwanza ya kuanguliwa. Kwa hiyo ununuapo vifaranga vya kutotoleshwa kwa mashine, uliza kama wamechanjwa. Kirusi hicho hukaa muda mrefu katika vumbi la manyoya, basi banda lisafishwe sana kabla ya kuingiza kuku wapya.

La pili ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulitambulikana mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Kuku hukoroma na kuhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, hushusha mabawa. Kisha wengine hupinda shingo, wakazunguka mahali pamoja, au miguu hupooza. Katika kundi lisilochanjwa waweza kuua karibu wote kwa siku chache. Mara nyingi huzuka katika kiangazi kikali, kuelekea mwanzo wa mvua. Nao haukai mahali pamoja: hufuata kuku auzwaye, tenga la mchuuzi, viatu vya mgeni, hata manyoya na matumbo yaliyotupwa jalalani. Tena kuku aliyekwisha ambukizwa hukaa siku kadhaa akionekana mzima. Hivyo ndivyo majogoo wangu walivyomponza mama yule.

Mdondo nao hauna dawa ya kuponya. Dawa za kuua bakteria haziui kirusi. Zisinunuliwe kwa ajili hiyo. Lakini kinga ipo, tena ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania. Hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku mzima, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila miezi mitatu hadi minne, kama ielezavyo karatasi yake. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine, lakini isiachwe juani. Haimponyi aliyekwisha shikwa, na mwili wa kuku huhitaji kama majuma mawili kupata nguvu yake; basi ifanywe kabla ya kiangazi kuwa kikali. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikifunguliwa hakiwekwi siku nyingi. Kwa hiyo ni vema nyumba kadhaa zichangiane, zikachanje siku moja. Mmoja akichanja na jirani asichanje, moto bado uko karibu na nyasi.

Kuku wakianza kufa, haya na yatendeke. Mwite Bwana Mifugo upesi. Wazuie kuku wako wasitoke. Waliokufa wafukiwe ndani sana mbwa wasipoweza kufukua, au wachomwe. Wasiliwe na watu, wala wasitupwe mtoni. Wahudumie kwanza walio wazima, kisha walio wagonjwa, ndipo unawe na kubadili viatu. Wala usiuze, wala usimpe mtu zawadi ya kuku, hata jogoo akiwika kwa nguvu namna gani. Lakini ikiwa ni mguu uliovunjika tu, na kuku ana afya, waweza kumchinja na kumla bila wasiwasi.

Najua jambo hili la kutouza ni gumu. Mtu aonapo akiba yake inataka kupotea, moyo humwambia, okoa kiasi uwezacho. Lakini hasara uliyoikimbia haikupotea. Umempa jirani aibebe. Imetupasa kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa, na amri hiyo haikomi mlangoni pa kanisa, bali inafika mpaka kwenye banda la kuku. Afadhali kumwambia jirani, "Kwangu kuna ugonjwa, wafungie kuku wako," kuliko kumwuzia kimyakimya. Neno hilo moja, nisemapo leo, lingaliokoa banda la mjane.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto kumshika kuku na kumchunguza. Mtoto ndiye awaonaye kwanza, afunguapo banda alfajiri. Wenye nyumba nanyi, mtoto akisema, "Kuku mmoja anachechemea," msimwambie nyamaza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Inukeni mkatazame siku ile ile.

Bwana wetu alipotaka kuonyesha upendo wake alijifananisha na kuku awakusanyaye vifaranga chini ya mabawa yake. Basi tusione haya kuwatunza viumbe hawa, wala tusiwatunze wetu kwa kuwaangamiza wa wenzetu.