Dawa Inayoikomaza Seli ya Saratani

Mwaka 1985, mjini Shanghai, Daktari Wang Zhenyi wa Hospitali ya Ruijin alikuwa na mgonjwa wa miaka mitano, mahututi kwa lukemia ya promielosaiti, saratani ya damu iliyoua upesi, mara nyingi kwa kutokwa damu kusikozuilika. Dawa za kawaida za saratani zilikuwa zimeshindwa. Akampa asidi ya retinoiki ya maabara, dawa ya jamii ya vitamini A. Mtoto akapona. Mwaka 1988 Wang na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 24: kwa 23 kati yao, dawa hiyo pekee ilitosha kuondoa dalili zote za saratani.

Ajabu yake ni kwamba haikuanza kwa kuua. Chembe za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, hukomaa, hufanya kazi, kisha hufa. Katika lukemia hii, vipande vya kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana mahali, na huzaliwa protini inayofunga njia ya kukomaa. Chembe hubaki changa, zikiongezeka tu. Asidi ya retinoiki huinasa protini hiyo na kuifanya ivunjwe. Njia ikifunguka, chembe hukomaa na kufa kama zilivyoumbwa kufa.

Asidi hiyo ilipotumiwa peke yake, mara nyingi ugonjwa ulirudi. Leo huchanganywa na aseniki, sumu iliyogeuzwa dawa, na utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa hupona kwa mchanganyiko huo bila tibakemikali.

Je, jamii hiyo ya vitamini inaweza kukinga saratani? Finland iliwapa baadhi ya wanaume wavutaji sigara, kati ya 29,133 waliochunguzwa, beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo ya 1994 yalishtua: saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Jaribio la Marekani, lililoongeza na vitamini A yenyewe, lilisitishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo.

Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu kliniki yana kipimo na sababu yake, wapelekeni. Lakini usijinunulie vidonge vya vitamini A kwa kuogopa saratani, hasa ukiwa mvutaji sigara au mjamzito, kwani vikizidi hudhuru mtoto tumboni. Kula mboga na viazi lishe, acha sigara, na dawa mwachie daktari.