Je, Wajua? Mikongo Miwili Yaweza Kuwa Njia Moja

Mnamo 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, kukatika kwa pamoja upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini. Si ilikuwa miwili? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini mkongo wa akiba unaopita eneo lilelile la bahari hukumbwa na janga lilelile. Kwa hiyo msanifu wa mtandao asihesabu mikongo, ahesabu njia zisizopita pamoja. Mtu atasema njia za ziada ni ghali, na hakosei. Hata hivyo, mwaka 1964 mhandisi Paul Baran wa Marekani alionyesha kuwa mtandao uliosukwa kama wavu huhimili mashambulizi makali ukiwa na viungo mara tatu au nne tu ya vile vya lazima kuunganisha vituo vyote. Ustahimilivu, basi, una bei inayokadirika. Mtandao usio na njia mbadala nao una bei yake, ila hiyo hulipwa na wateja, siku ambayo hawakuichagua.